Anza na tamthilia yenyewe
Umeuliza kama anayesoma tamthilia ya Marekani aanze na historia au na maandishi. Ningekushauri uanze na A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, iliyopanda jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, mwaka 1959, ya kwanza ya mwanamke Mweusi kufika huko. Mama Younger, mama wa familia inayosimuliwa, anatunza mmea mmoja dhaifu dirishani, katika nyumba ya kupanga ya Chicago isiyo na mwanga wa kutosha, huku familia ikivutana juu ya dola 10,000 za bima ya marehemu mumewe. Baba yake Hansberry mwenyewe alipigania mahakamani nyumba aliyonunua katika mtaa wa Wazungu, na mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi. Ukishalijua hilo, yule Mzungu wa tamthilia anayekuja kwa upole kuwapa akina Younger fedha ili wasihamie mtaa wa Wazungu utamsoma kwa jicho jingine kabisa.