Tulichagua maji, tukasahau mji

Nyumba ile tuliipenda kabla hatujavua viatu. Dalali alikuwa mjanja. Hakuanza na vyumba wala jiko, alitupitisha moja kwa moja hadi kwenye veranda ya nyuma, akasogea pembeni, akanyamaza. Mbele yetu maji matupu mpaka upeo wa macho. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu, mdogo wake bado ananyonya. Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama, na kwa upande wetu mazungumzo ya bei yakawa yameishia hapo.

Tulikaa pale miaka miwili na kidogo, kisha tukahama. Hatukuikimbia bahari, maana tulikohamia pia ni pwani. Tuliukimbia mji ambao hatukuwahi kuutazama sawasawa. Sasa kila rafiki mwenye watoto wadogo akiniambia anatafuta nyumba karibu na maji, namwambia hivi: ukifika, yaangalie maji dakika kumi, ushibe, kisha yape mgongo. Siku nzima iliyobaki tazama mji.

Anza na barabara. Mji wetu ulikaa kwenye rasi, na njia ya kuingia ilikuwa moja tu, ikipita chini karibu na tope la bahari. Tulipokwenda kukagua nyumba, barabara hiyo ilikuwa kavu, nzuri, hata tukaisifu. Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na maji hupanda kuliko siku nyingine. Hilo ndilo bamvu, na hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba mahali pamoja bamvu hujaa karibu saa zilezile, mwezi nenda mwezi rudi. Kwetu lilijaa karibu na saa sita, mchana na usiku. Saa sita mchana ndiyo saa chekechea ya binti yangu ilipofungwa. Kwa hiyo kila mabamvu makubwa yalipokuja, hasa upepo ukisukuma kutoka baharini, mimi nilikuwa upande huu wa maji na mtoto upande ule, na mwalimu anaangalia saa yake.

Hilo la chekechea tulilizoea. Usiku wa mdogo wake hatukuuzoea. Alikuwa na miezi kumi na moja, homa imempanda tangu magharibi, na ilipofika saa tano na nusu alikuwa akipumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulipiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, sitawadhulumu, lakini lilisimama ng'ambo. Taa zake tuliziona zikizunguka, na katikati yetu barabara iko chini ya maji, mwezi unang'aa juu yake kama sinia. Jirani yetu, bibi mmoja aliyezeeka palepale, alitoka na khanga kichwani, akamtazama mtoto, akasema, "Mkalishe wima, mwanangu, usimlaze. Maji yakijaa hupwa." Tulimkalisha wima. Maji yalipwa baada ya saa moja na dakika arobaini. Mtoto alipona, leo ndiye anayenisumbua zaidi nyumbani. Lakini nilimuuliza yule bibi baadaye, mbona hamkutuambia habari za barabara? Akashangaa kwa dhati. Alidhani tunajua. Kila mtu anajua.

Ndiyo maana nasema nenda ukakague siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maana bamvu hasa huchelewa kidogo nyuma ya mwezi wenyewe. Chukua ratiba ya maji ya mahali hapo, angalia saa ya kujaa, na saa hiyohiyo uwe barabarani, si ufukweni. Na kuhusu hospitali, usiulize kama ipo. Kila dalali atakwambia ipo. Uliza saa nane usiku nani yuko zamu, anatibu watoto au la, na wewe unafikaje. Miji inayoishi kwa wageni wa likizo huwa na kliniki inayochangamka na msimu na kulala na msimu.

Hili la msimu linataka jicho lake. Sisi tulikagua mji ukiwa umefurika, vijana wanacheza mpira mchangani, muziki, taa kila mahali. Wageni walipoondoka, nusu ya nyumba za mtaa wetu zilifungwa madirisha, na binti yangu akabaki na mwenzake mmoja wa kucheza naye, tena aliyemzidi miaka sita. Ukitaka kujua mji una watu au una wageni, nenda katikati ya juma msimu umekufa, tembea jioni, hesabu madirisha yenye taa. Kisha pita shuleni uulize darasa la kwanza lina watoto wangapi na mwaka juzi lilikuwa na wangapi. Shule inayopungua mwaka hadi mwaka iko njiani kufungwa, hata kama rangi yake ni mpya.

Nyumba yenyewe nitaigusia tu, maana wengi huandika habari za kutu. Kutu ipo, na itakula bawaba, misumari, kufuli, na friji yako kwa nyuma. Mimi nilichokuja kugundua kwa mshtuko ni breki ya kigari cha mtoto. Gurudumu moja lilikuwa halishiki tena, na nilijua siku nilipokiacha kwenye mteremko wa gati nikageuka kuchukua mfuko. Kiliondoka. Kilikuwa kitupu, alhamdulillahi. Tangu hapo kila kitu cha chuma kinachombeba au kumzuia mtoto nilikikagua kila mwezi: vyuma vya dirishani, komeo la lango, mikanda. Na unyevu: inua godoro la mtoto uangalie chini yake. La kwetu lilikuwa limeota kuvu jeusi mwezi wa nne, na kikohozi chake kikapata maelezo.

Maji ya kunywa ulizia mapema. Kisima karibu na bahari kinaishi kwa mizani. Maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, hivyo huelea juu yake. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kwa kila mita moja ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini ya usawa huo. Geuza hesabu uone: mji ukivuta maji mengi, ukayashusha mita moja tu, chumvi ina nafasi ya kupanda mita nyingi. Kisima chetu kilikuwa kitamu wakati wa mvua na cha chumvi wageni walipojaa. Kuchemsha hakusaidii, kunapunguza maji na kuiacha chumvi palepale, na figo za mtoto mchanga si za kuzijaribia chumvi. Onja maji msimu wa kiangazi, bombani, kabla ya kusaini.

Sasa lile ambalo watu hunijibu, "Ah, sisi tutakuwa tunawaangalia." Nami nilikuwa namwangalia.

Ilikuwa ngazi za gati, zile za mawe zinazoshuka majini. Za juu kavu, za chini zina mwani, kijani kinachoteleza kama sabuni. Binti yangu alikuwa hatua mbili mbele yangu akitafuta kaa. Niliinama kufunga kamba za kiatu cha mdogo wake. Fundo moja. Nilipoinua kichwa alikuwa majini hadi kidevuni, macho wazi, mdomo unafunguka na kufunga, mikono inabonyeza maji chini kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Hakulia. Hakurusha maji. Methali yetu inasema mfa maji haishi kutapatapa. Mtoto wa miaka mitatu hatapatapi. Pumzi aliyo nayo ni ya kuvuta hewa, haimtoshi kupiga kelele. Nilimshika nywele.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika umri huo mtoto hahitaji bahari. Ndoo inamtosha, na dimbwi la nyuma ya nyumba linamtosha. Kwa hiyo nyumba ya karibu na maji yenye mtoto anayetembea lazima iwe na kitu kati yake na maji kisichotegemea macho ya mama: uzio asioweza kuukwea, lango linalojifunga lenyewe, komeo lililo juu ya kimo chake. Kama mwenye nyumba hataki uzio kwa kuwa utaharibu mandhari, umeshajua mandhari hayo ni ya nani. Na yale maboya ya kujaza pumzi ya mikononi ni vitu vya kuchezea. Kwenye boti au gati ni jaketi la uokozi la saizi yake, limefungwa mpaka mkanda wa kati ya miguu.

Ufukwe nao una tabia, na mzuri kwa macho si lazima uwe mzuri kwa mtoto. Mawimbi yanapovunjika mfululizo halafu ukaona mahali katikati palipotulia, pametanda kama pamelala, mzazi mgeni huwapeleka watoto papo hapo. Mara nyingi ndipo maji yaliyoletwa na mawimbi yanaporudi baharini, nayo hurudi kwa nguvu. Mtu mzima akinaswa anafundishika: usishindane nayo, elea, ogelea kwa kufuata ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo. Mtoto mdogo hafundishiki hilo kwa wakati. Mimi sasa nachagua ghuba yenye maji mafupi na waokoaji wanaolipwa, hata kama mchanga wake ni wa rangi ya chai.

Kisha uliza shule inafundisha nini kuhusu maji. Uholanzi, nchi ambayo karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, watoto hufanya mtihani wa kuogelea wakiwa wamevaa nguo na viatu, kwa sababu hakuna anayetumbukia mtoni akiwa na vazi la kuogelea. Na tarehe 26 Desemba 2004, mtoto wa Kiingereza wa miaka 10 aliyekuwa ufukweni Phuket, nchini Thailand, aliona bahari ikifanya povu na kutenda alivyofundishwa darasani wiki mbili tu kabla, akawashikilia wazazi wake mpaka ufukwe ukaondolewa watu kabla tsunami haijafika. Nilimuuliza mwalimu mkuu wa shule ya kwanza kama wanafundisha kuogelea. Akacheka: "Hapa watoto wanazaliwa wanajua." Shule ya sasa wana kidimbwi kidogo kisichopendeza, na kila mtoto anajua ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, au bahari ikijivuta ghafla, unakimbilia mlimani bila kurudi kuchukua mfuko. Mlima upo, tena unafikika kwa miguu ya mtoto. Mji wa kwanza sehemu yake ya juu kabisa ilikuwa paa la kanisa.

Kama unanunua badala ya kupanga, kaa na wazee. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 hivi, na kasi inaongezeka, kwa hiyo mkopo wa miaka 25 unaulipia ufukwe ambao hautakuwa huu. Angalia miti yenye mizizi iliyo uchi. Angalia kuta mpya za kuzuia maji, kwani hajengi mtu ukuta bila sababu. Na tazama wazee wenyewe walijenga wapi. Mara nyingi utakuta mitaa ya zamani imejivuta juu kidogo, na nyumba mpya za gharama ndizo zimeshuka kwenda kulala na bahari.

Wa ziwani msijione mmepona. Ziwa halina bamvu, lakini linaweza kupanda miaka kadhaa mfululizo na kuja kuchukua ua wako, na katika nchi za joto penye majani na konokono ukingoni ndipo kichocho kinapokaa, mahali hasa watoto wanapopenda kuchezea. Mto nao hufurika jua likiwaka, kwa mvua iliyonyesha mbali huko juu ambako wewe hukuliona wingu lake.

Sasa tunakaa mlimani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka majini, dakika thelathini ukiwa na mtoto anayeokota mawe. Kliniki iko mtaa wa pili, na barabara za kutoka mjini ni tatu. Sebule inatazama ukuta wa jirani. Bahari inaonekana kutoka dirisha la bafuni tu, tena ukisimama juu ya ndoo, na hiyo ndoo naiweka imepinduliwa.