Je, kubeba dawa kwenye hija ya Namugongo ni kukosa imani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu alipopona niliweka nadhiri ya kutembea kwa miguu kutoka Busia hadi Namugongo, patakatifu pa mashahidi wa Uganda. Nina kisukari, ninachoma insulini. Kiongozi wa kundi letu anasema Luka 9:3 inakataza mkoba, chakula na fedha, na anayebeba dawa hamwamini Mungu. Nifanyeje?

JIBU: Milele amina, mama. Dawa ubebe.

Kiongozi wenu amesoma mstari mmoja akafunga kitabu. Agizo lile walipewa Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, waliotumwa kuhubiri na kupokewa majumbani mwa watu. Tena Marko 6, akisimulia safari hiyohiyo, anawaruhusu fimbo na viatu. Na Luka huyohuyo, sura ya 22, Yesu anawaambia sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba vivyo hivyo. Huo nao ameuruka? Kundi lisilo na senti likiingia Iganga usiku, chakula chake kinatoka kwenye sufuria ya mjane fulani wa parokia. Hapo imani ni ya nani?

Atakutajia mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani. Karoli Lwanga na wenzake walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Hawakujitafutia kifo. Kuacha insulini kwa makusudi ni kumjaribu Mungu, jambo ambalo Yesu mwenyewe alilikataa jangwani.

Basi mzigo upunguze, ila si kwa kutoa dawa. Leso (kanga) moja inatosha: ni shuka, ni taulo, ni kivuli. Biblia kubwa iache nyumbani, rozari haina uzito. Insulini ifunge kwa kitambaa kibichi, ikae kwenye mkoba wako, kamwe si kwenye gari la mizigo linalochomwa na jua. Beba glukosi mfukoni, maana kutembea kutwa hushusha sukari; kabla ya kuondoka daktari akupangie upya kipimo cha sindano. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea miguu. Kila jioni vua soksi ukague nyayo kwa macho, maana mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilisikie.

Daktari akikataa safari, usilie. Kanuni ya 1196 ya Sheria za Kanisa inampa paroko wako uwezo wa kukuondolea nadhiri ukiwa na sababu ya haki. Ya 1197 inakuruhusu wewe mwenyewe kuibadili kwa jema lililo sawa au bora zaidi. Panda gari hadi Mukono, utembee kipande kilichobaki.

Na kundi likikukataa kwa sababu ya sindano, tafuta lenye muuguzi.