Namna ya Kuyatumia Maonesho ya Vyuo Vikuu Pale Mnazi Mmoja

Kila mwaka mwezi Julai, wakati wahitimu wa kidato cha sita wana matokeo mkononi au wanayasubiri, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huandaa Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Kwa kuwa ninafundisha kidato cha tano na sita, nimekuwa nikiwasindikiza vijana huko, wa shuleni na wa nyumbani, na wengi wao huzunguka mabanda yote, hukusanya vipeperushi, kofia na mifuko, kisha hurudi na swali lilelile walilokwenda nalo. Maonesho hayo humfaa zaidi anayekwenda kuuliza yale ambayo kipeperushi hakiyasemi, maana yaliyoandikwa anaweza kuyasoma akiwa amekaa barazani kwao.

Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani, kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huuweka katika tovuti yake. Sifa ya jumla ya kujiunga na shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi (masomo makuu ya mchepuo wako wa kidato cha tano na sita) wenye pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, lakini kila kozi ina masharti yake, na hapo ndipo vijana wengi hukwama. Udaktari wa binadamu, kwa miongozo ya miaka ya karibuni, hutaka angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwenye A mbili na E ya Fizikia anampita kwa mbali kwa pointi mwenye D tatu, na bado hana sifa. Shahada nyingi za biashara nazo hutazama Hisabati ya kidato cha nne. Ukishaondoa kozi zisizokuhusu, utabaki na chache za kuulizia, na mabanda mengine utayapita tu.

Ukifika bandani, wa kwanza kukupokea huwa ni ofisa udahili au ofisa uhusiano, na kazi yake ni kukisifia chuo chake, simlaumu. Msikilize, kisha mtafute mhadhiri wa kozi yako au mwanafunzi. Mpwa wangu, aliyetaka uhandisi wa umeme, baada ya kuelezwa habari za mandhari na intaneti ya bure, alimgeukia kijana aliyesimama kando ya kifaa cha kumwagilia bustani kilichoundwa na wanafunzi. “Kaka, samahani, mafunzo kwa vitendo ulifanyia wapi, na nafasi ulitafutiwa na chuo au uliitafuta mwenyewe?” Kijana akacheka, akamvuta pembeni, akamweleza kwamba alipeleka barua zake ofisi kwa ofisi, kwamba maabara moja waliitumia kwa zamu kwa sababu vifaa havikutosha, na kwamba hata hivyo mhadhiri wa somo hilo alikuwa hodari na alipatikana hata jioni. Katika rundo la vipeperushi tulivyobeba siku hiyo, hakuna kilichokuwa na habari hizo.

Uliza pia kozi inafundishwa katika kampasi ipi. Chuo Kikuu Mzumbe kina makao makuu Morogoro na kampasi Mbeya na Dar es Salaam; Mkwawa kilichopo Iringa na DUCE (cha elimu) kilichopo Chang'ombe, Dar es Salaam, vyote ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nauli na kodi ya chumba hutofautiana sana, na jibu la “hosteli zipo” halina maana kwamba mwaka wa kwanza utapata kitanda. Kwa kozi za afya na uhandisi, uliza kama shahada hiyo inatambuliwa na baraza au bodi inayosajili wanataaluma hao. Mawakala wa vyuo vya nje nao hupiga kambi hapo. Kabla ya kuwapa hati zako, vuka hadi banda la TCU ukaulize kama chuo wanachokunadi kinatambuliwa.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo wote wa ada, pamoja na michango ambayo haimo kwenye tangazo. Kwenye banda la Bodi ya Mikopo (HESLB) uliza mapema kuhusu uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na hakikisha namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayojaza kwenye mkopo ndiyo utakayotumia kuombea chuo. Vyuo vingi hupokea maombi papo hapo, jambo jema kwa aliyekwisha kuamua. Ambaye bado anasitasita asilipie fomu kwa sababu tu foleni ni fupi.

Siku ya ufunguzi rasmi huwa na hotuba, vipaza sauti na wageni wengi, kwa hiyo chagua siku nyingine ya kazi na ufike asubuhi, kabla wahadhiri hawajachoka kujibu.