Mzee alicheka nini saa tano ilipogonga?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Kondoa. Hivi karibuni tuliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita, pamoja na wazee wachache wa jirani, filamu ya mwaka 2022 iliyotokana na riwaya ya Erich Maria Remarque, inayojulikana kwa Kiingereza kama All Quiet on the Western Front. Wanafunzi walikaa kimya hadi mwisho. Mwalimu mwenzangu aliyeisoma riwaya alitoka amekasirika, akidai kwamba mwisho wake umeharibiwa. Mzee mmoja, ambaye babu yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo ndiyo inayosimuliwa humo, alicheka saa tano ilipogonga na mapigano yakasimama. Je, mwenzangu ana haki ya kukasirika? Na mzee alicheka nini? Je, ile filamu ya zamani ya riwaya hiyo hiyo ingefaa zaidi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako ana haki, ingawa si kwa sababu tu kwamba kuna kilichobadilishwa. Katika riwaya, iliyotoka kama kitabu mwaka 1929, Paul, askari kijana wa Kijerumani, anakufa Oktoba 1918, siku iliyotulia kiasi kwamba taarifa ya jeshi ilisema tu kuwa upande wa magharibi hakuna jipya. Jina la Kijerumani la kitabu, Im Westen nichts Neues, ni maneno hayo hayo ya taarifa, na uchungu wote umo humo: mtu tuliyeishi naye kurasa zote hizo amekufa, na karani wa jeshi hakuona la kuandika. Filamu ya Edward Berger imekisogeza kifo hicho hadi dakika za mwisho kabla ya saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba, ikamleta na jenerali anayeamuru shambulio lisilo na maana, na hivyo kifo ambacho hakikuwa habari kimekuwa habari kubwa yenye mtu wa kulaumiwa. Wahakiki kadhaa wa Ujerumani waliikosoa vikali kwa kuiacha riwaya mbali, wakati Waingereza waliipa tuzo 7 za BAFTA na Wamarekani 4 za Oscar. Mimi binafsi nililalamikia zaidi kuondolewa kwa likizo ya Paul, anaporudi nyumbani, akamkuta mama yake mgonjwa, na wazee wa mjini wakamfundisha namna ya kushinda vita.

Kuhusu mzee, sidhani kwamba alikosa heshima. Saa tano ile iliwahusu watu wa Ulaya. Huku kwetu, jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck lilikuwa bado linapigana katika nchi ambayo leo ni Zambia, na halikuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala. Kondoa yenu ilitekwa na majeshi ya Afrika Kusini Aprili 1916, na Dodoma ikafuata mwezi Julai. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoendelea hadi mwaka 1920. Mtu aliyelelewa kwa simulizi hizo, akiona vita inazimwa kwa mshale wa saa, atacheka, na kicheko chake ni uhakiki kama ule wa Wajerumani.

Filamu ya zamani, ya Lewis Milestone, ni ya mwaka 1930. Nayo ilipata watazamaji wakali: mjini Berlin, Desemba mwaka huo, wafuasi wa Goebbels, kiongozi wa chama cha Nazi mjini humo, walirusha mabomu ya uvundo na kuachia panya weupe ukumbini, na siku chache baadaye serikali ikaipiga marufuku. Naipendekeza kwa darasa lako, hasa kwa kuwa imeibakiza likizo na kuongeza jambo ambalo halimo kitabuni kwa namna hiyo. Paul anaingia katika darasa lake la zamani, mwalimu wake anamtaka awahamasishe vijana waende vitani, naye anawaambia kwamba kuifia nchi ni jambo chafu na lenye maumivu. Wanafunzi wanamzomea na kumwita mwoga. Isimamishe picha hapo, uwaulize wanafunzi wako wao wangefanya nini. Mzee naye mwalike tena, na safari hii mpe nafasi ya kusema kabla taa hazijazimwa.