Paneli si robota la mitumba

Jana nilipita godauni moja hapo Shimanzi nikakuta vijana wamezivika paneli za swichigia, yale makabati ya swichi za umeme mkubwa, nailoni nyeusi hadi sakafuni, wamezikaza kamba kama robota la mitumba. Wanatabasamu, wanangoja sifa. Wanangu, kosa hilo nalijua. Mimi ndiye mwenyewe.

1. Hita. Zilikuwa paneli tatu za kilovolti 11, zimetoka bandari ya Kilindini mwezi wa Machi, na chumba cha swichi hakijaezekwa. Nikaambiwa nizitunze. Nikazisimamisha juu ya mbao, nikazifunika gubigubi, nikafunga mlango na ufunguo nikatia mfukoni. Nyuma ya paneli waya wa hita, kile kipashajoto cha kufukuza unyevu, ulining'inia na karatasi ya maandishi mekundu. Sikuisoma. Kifaa hakijawashwa, hita ya nini? Masika ikaingia. Mchana godauni la mabati ni tanuri, usiku linapoa, na ule unyevu uliofungiwa ndani ya nailoni ukawa matone juu ya chuma. Juni tukafungua. Vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vilivyokuja vya buluu vilikuwa vya waridi. Kwenye kona ya basiba, ule mkanda wa kupitisha umeme, shaba imeota kijani. Nikapima kwa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme utavuja, nikapima tena, nikabadilisha waya za mega nikijidai ndizo mbovu. Mzee wangu wa kazi alikuwa nyuma yangu, kimya. Akachomoa kalamu, akainua kwa ncha yake ile karatasi nyekundu, akaiweka sawa na macho yangu. Afadhali angenitukana. Siku 9 tulizikausha, na usiku nililala humo humo na mbu.

Basi: vutieni hita stima ya muda siku ileile ya kupokea, na nailoni iachwe wazi chini ipumue.

2. Kuinua. Shikeni masikio yote manne ya kunyanyulia, kwa shekeli, ile pingu ya chuma yenye pini, si ndoano tupu. Slingi, ile kamba ya kuinulia, ikiwa fupi ndiyo balaa: miguu yake miwili ikibeba tani 1 kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unavutwa kama kilo 580, ishushe hadi nyuzi 30, kila mmoja unavutwa tani 1 nzima. Halafu mnauliza mbona sikio limepinda. Mzigo wenyewe uongozwe kwa kamba. Kuna kijana nilimkuta anaikumbatia paneli ikiwa hewani, eti isizunguke. Nikamuuliza kama ameoa.

3. Breka, ile swichi kubwa ya kukata umeme, itolewe ikiwa imefunguka na springi yake haina nguvu ndani. Bisibisi yangu iliyokatwa ncha na springi kama hiyo bado ninayo.

4. Kitovu cha uzito kimechorwa kwenye karatasi za kiwanda, msikibahatishe. Inueni sentimita 10, simameni, tazameni inaegemea wapi.

Na nyinyi wa Shimanzi, ile nailoni nimeshaipasua chini kwa kisu. Msimsingizie askari wa getini.