Siku 19, koo linauma, kipimo hasi

Mdogo wangu, pole kwa presha. Unasema ni siku 19 tangu ulale na huyo dada bila kondomu, siku ya 10 ukapima VVU ikaja hasi, na sasa koo linauma na vipele vimekutoka shingoni. Kwanza achana na kioo. Koo huuma kwa mafua, vipele huletwa na joto, hata na wembe wa kinyozi. Na wapo wanaoambukizwa bila kuona dalili yoyote, kwa hiyo kukosa vipele nako si cheti.

Kipimo cha siku ya 10 ulikiwahi mno. Kile cha tone la damu kidoleni hutafuta kingamwili, na mwili huchukua muda kuzitengeneza, wengi kati ya wiki 4 na 12. Rudi wiki ya 6 hivi, halafu siku ya 90. Ukiwa hasi hapo na hujarudia mchezo, kesi imefungwa. Mpaka hapo, kondomu. Omba wakupime na kaswende, watu huisahau.

PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, imeshakupita, ila ijue: huanzwa ndani ya saa 72, unameza siku 28.

Mimi nilikaa kwenye benchi la zahanati dakika 15 nikikodolea kile kijikaratasi. Mstari mmoja ulishatokea, nikawa nasubiri wa pili kama matokeo ya kidato cha nne. Haukuja. Vipele vyangu? Sabuni mpya.