Ukubwa wa dirisha unaombwa, hauamriwi

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, programu yangu hapa ghetto iko poa kabisa, nikiipeleka kwa mteja kitufe cha chini hakionekani. Nimerudia mara tatu. Nakosea wapi?" Nikasoma, nikaiweka simu chini. Mkasa huo ulinipata mimi, na bado unaniuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kazi ya programu ya mauzo kwenye duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya hela ya kueleweka: nusu nikianza, nusu nikikabidhi. Niliiandika kwa lugha ya Java nyumbani Kimara, kwenye skrini ya piseli (nukta za skrini) 1920 kwa 1080. Nilishaambiwa dukani kuna skrini ya zamani ya 1024 kwa 768, nikajiona mjanja. Nikaandika setSize(1024, 768), amri ya ukubwa wa dirisha la programu, nikalizuia dirisha lisivutwe, na kila kitufe nikakipangia namba zake mwenyewe.

Kumbe setSize inapima dirisha zima, kingo na upau wa kichwa vikiwemo. Kwenye kompyuta yangu kingo zilikula piseli 8 kila ubavu na 8 chini, na juu zikaenda 30. Ndani nikabakiwa na 1008 kwa 730. Sikujiuliza kwa nini. Nikasogeza vitu kwa macho mpaka vikaenea, kitufe cha kijani cha "Hifadhi" nikakikalisha piseli 690 kutoka juu kwa ndani, nikapanda mwendokasi.

Dukani upau wa kazi (taskbar) wa Windows umekaa chini na piseli zake 40. Kitufe changu kikabaki kijistari cha kijani, piseli 8 tu. Mama mwenye duka akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa nabonyeza wapi?" Wateja wamejaa kaunta, mimi nimesimama sina jibu.

Hapo nikafanya kosa baya zaidi: nikaziondoa kingo zote kwa setUndecorated(true). Kitufe kikatokea, nikaaga. Jioni wakakosa pa kufungia dirisha, maana alama ya kufunga inakaa kwenye upau niliouondoa. Mtu akazima kompyuta ukutani. Mauzo ambayo hayajahifadhiwa yakapotea, na nusu ya pili ya hela yangu sijaiona mpaka leo.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Mwenye dirisha si wewe. Chukua X, mfumo wa madirisha ulioanzia chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1984, na ambao mfumo endeshi wa Linux umekulia humo. Programu inatuma ombi la ukubwa. Meneja wa madirisha, yaani programu inayoyasimamia, analidaka, analivisha dirisha fremu yake, na anaweza kukupa ukubwa mwingine kabisa. Kingo nazo ni vivyo hivyo: unadokeza kwamba huzitaki, yeye anakubali au anakupuuza. Tkinter, zana ya madirisha ya lugha ya Python, ukiiuliza upana kwa winfo_width kabla dirisha halijachorwa, inakujibu 1. getInsets ya Java, inayosoma vipimo vya kingo, kabla ya pack(), amri inayolikata dirisha kulingana na kilichomo, inakupa sifuri tupu. Hujapewa kitu bado, unasoma nini?

Kwa hiyo omba ukubwa wa kilichomo. Paneli, yaani eneo la ndani, iambie ukubwa unaoutaka kwa setPreferredSize, kisha ita pack(), na fremu itaongeza kingo zake yenyewe. Kitufe muhimu kiweke kusini (chini) mwa BorderLayout, mpangilio wa Java wa pande nne na katikati, jedwali likae katikati ndani ya paneli ya kusogeza. Dirisha likibanwa, litakalopungua ni jedwali, kitufe kinabaki pale pale. Nafasi inayobaki baada ya upau wa kazi utaambiwa na getMaximumWindowBounds. Omba, kisha soma ulichopewa. Narudia: omba, kisha soma ulichopewa!

Na acheni kupima kazi kwenye skrini zenu nzuri za nyumbani. Vijana tunapenda kujifungia chumbani na msimbo wa programu, mteja tunamwona siku ya kukabidhi. Nenda ukakae kwenye kiti chake kabla hujaandika mstari wa kwanza. Mimi siku hizi naanzia hapo, na programu zangu zinafunguka kwenye kompyuta za kila umri pale Kariakoo. Sijapigiwa tena simu ya kitufe kupotea.

Wewe wa Mbagala, kesho nitumie picha ya skrini ya mteja wako. Upau wa kazi uonekane.